Kumfilisi mdaiwa kwa amri ya mahakama Afrika Kusini: hatua kwa hatua

Unamdai mtu Afrika Kusini, hukumu unayo mkononi, na halipi. Wakili atakutajia njia mbili. Ya kwanza ni kukazia hukumu: sherifu anakamata mali, inauzwa, unapata chako. Ya pili ni kuiomba Mahakama Kuu imtangaze mdaiwa kuwa mufilisi, na mali yake yote iwekwe mikononi mwa mfilisi, yaani msimamizi anayeikusanya, kuiuza na kuwagawia wadai. Wengi huvutiwa na hiyo ya pili kwa sababu inatisha. Mdaiwa akishapokea maombi ya kufilisiwa, mara nyingi hupata pesa ambazo wiki iliyopita aliapa hana. Ila ukienda nayo hadi mwisho, hujifanyii kazi peke yako tena. Unawafanyia kazi wadai wote, na kama hesabu haikukaa vizuri unaweza kukosa deni lako na kulipia gharama juu yake. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na hesabu, fomu zitafuata.

Sheria yenyewe ni Sheria ya Ufilisi namba 24 ya 1936, ambayo imerekebishwa mara nyingi lakini bado ndiyo inayotumika. Inawahusu watu binafsi, ubia wa kibiashara na amana. Kampuni haiguswi nayo, kwani ina utaratibu wake chini ya sheria za makampuni. Basi hakikisha kwanza aliyetia saini mkataba ni mtu au ni kampuni yake.

Hatua ya kwanza: piga hesabu ya kitakachobaki

Mahakama itataka mambo matatu: kwamba una deni linalokidhi kifungu cha 9, kwamba mdaiwa amefanya kitendo cha ufilisi (kimojawapo cha vile vilivyoorodheshwa na sheria, tutaviona katika hatua ya tatu) au madeni yake kweli yamezidi mali, na kwamba kuna sababu ya kuamini kuwa kumfilisi kutawanufaisha wadai. La kwanza na la pili kwa kawaida huthibitishwa kwa karatasi. La tatu ndilo linaloangusha maombi, na ndilo linalopaswa kukuamulia kama uanze au usianze.

Chukua mfano huu wa kubuni. Mdaiwa ana nyumba ambayo mnadani inaweza kuuzwa R1,200,000. Benki yenye rehani inadai R1,050,000. Gharama za kuiuza nyumba hiyo, pamoja na kodi za manispaa na malipo ya mfilisi juu yake, zinatoka kwenye pesa za nyumba yenyewe, ziwe R90,000. Zinabaki R60,000. Ana gari lisilo na deni la R110,000 na akiba ya R30,000. Jumla ni R200,000, na hiyo ndiyo tuite salio huru. Toa gharama za ufilisi, zikiwemo za wakili wako, tuseme R80,000. Zimebaki R120,000 za kugawana wadai wasio na dhamana ambao jumla wanadai R600,000. Kila mmoja anapata senti 20 kwa kila randi. Wewe unayedai R150,000 unaondoka na R30,000.

Sasa tikisa namba kidogo. Nyumba ikiuzwa R1,100,000, haitoshi hata kuilipa benki. Salio huru linashuka hadi R140,000, gharama ziko palepale, na mgawo wako unakuwa senti 10 au chini ya hapo. Na ikigundulika kwamba gari lilishauzwa, salio huru ni R30,000 dhidi ya gharama za R80,000. Pengo la R50,000 halilipwi na serikali. Kifungu cha 106 kinawatwisha wadai waliothibitisha madai yao, yaani waliyoyawasilisha rasmi kwenye mkutano wa wadai, kila mmoja kwa uwiano wa deni lake. Benki iliyotegemea dhamana yake peke yake hukwepa mchango huo. Wewe uliyeleta maombi hukwepi hata usipothibitisha dai lako, maana kifungu cha 14 kinakuhesabu kana kwamba ulithibitisha. Wadai wenzako wakiona mapema mambo yanakoelekea, watakaa kimya na kukuachia bili.

Kwa hiyo kabla ya kumlipa wakili kwa kazi kubwa, chunguza. Pekua ofisi ya usajili wa hatimiliki uone nyumba ni ya nani na rehani ni ya kiasi gani. Tafuta thamani ya kuuzwa kwa haraka, isiwe ile ya tangazo la dalali wa nyumba. Angalia amefunga ndoa ya aina gani. Akiwa na ndoa ya mali ya pamoja, mali inayofilisiwa ni ya wote wawili, na mume na mke lazima wote watajwe kama wajibu maombi.

Kiwango gani cha manufaa kinatosha? Katika Meskin & Co v Friedman ya 1948, Jaji Roper alisema inatosha kuwepo tarajio la maana, lisilo la mbali mno, kwamba wadai watapata faida fulani ya kifedha. Baadaye majaji wengine wakaanza kudai senti kadhaa kwa kila randi. Mahakama ya Katiba, katika Stratford v Investec Bank ya 2015, ilikataa kufunga jambo hilo kwenye namba: pale ambapo mdai anapambana na mdaiwa asiyetaka kufilisiwa, kutaja senti maalumu hakusaidii. Manufaa yanaweza pia kuwa uchunguzi. Mfilisi ana mamlaka ya kumhoji mdaiwa na watu wake kwa kiapo, na ya kurudisha mali iliyotolewa bure. Kama mdaiwa alimhamishia ndugu yake shamba mwaka jana bila malipo, eleza hilo kinagaubaga, kwani shamba hilo ndilo linaloweza kuwa manufaa yenyewe. Lakini kuandika kwamba "pengine mfilisi atagundua kitu" bila kuonyesha dalili yoyote ni kuomba ruhusa ya kuvua samaki kwenye bwawa kavu.

Hatua ya pili: hakikisha deni lako linafaa

Deni liwe la kiasi kinachojulikana: hukumu, mkopo, ankara iliyokubaliwa. Dai la fidia ambalo bado halijapimwa na mahakama halifai. Kiwango cha chini ni R100 kwa mdai mmoja, au R200 kwa wadai wawili au zaidi wakiungana, kiwango ambacho leo kinachekesha. Deni ambalo muda wake wa kulipwa haujafika linaweza kutumika, mradi tayari lipo.

Hukumu si lazima. Lakini kama mdaiwa anabisha deni kwa nia njema na kwa sababu za maana, mahakama haitakubali ufilisi utumike kumbana. Kanuni hiyo inajulikana kwa jina la kesi ya Badenhorst ya 1956. Mdaiwa hahitaji kuthibitisha kwamba hadaiwi. Akionyesha tu kwamba ubishi wake una mashiko, maombi yako yamekwama. Deni linalobishaniwa lipelekwe kwanza kwenye kesi ya kawaida.

Swali linaloulizwa sana ni kuhusu Sheria ya Mikopo ya Taifa ya 2005: je, mkopeshaji lazima kwanza atume ilani ile inayotakiwa kabla ya kudai mahakamani? Mahakama Kuu ya Rufani ilijibu katika Naidoo v ABSA Bank ya 2010 kwamba sivyo. Maombi ya kufilisi hayahesabiwi kuwa utekelezaji wa mkataba wa mkopo.

Hatua ya tatu: pata kitendo cha ufilisi

Kuthibitisha kwamba madeni ya mtu yamezidi mali yake ni kazi ngumu kwa mtu wa nje, kwa sababu vitabu vyake huvioni. Sheria inakusaidia. Kifungu cha 8 kinaorodhesha vitendo vinane, kuanzia (a) hadi (h), na kimoja tu kikithibitika huhitaji kuonyesha mizania yake. Kuna kukimbia nchi au makazi ili kukwepa madeni, kuhamisha mali kwa namna inayowaumiza wadai au kumpendelea mmoja wao, kuwaomba wadai wasamehe sehemu ya deni, na vinginevyo. Kwa vitendo, viwili ndivyo vinavyobeba maombi mengi.

Cha kwanza ni mrejesho wa sherifu chini ya 8(b), kwamba hakupata mali ya kutosha. Hapa watu wengi huteleza. Kifungu kina milango miwili. Kama sherifu amekutana na mdaiwa mwenyewe, lazima amtake alipe hukumu au aonyeshe mali ya kutosha kuilipa, na mrejesho useme hivyo waziwazi. Kama hakukutana naye, ndipo mlango wa pili unafunguka: sherifu anaandika kwamba ametafuta na hakupata mali ya kutosha. Mrejesho unaochanganya milango hii, au unaosema tu "hakuna mali" bila kueleza mdaiwa aliulizwa nini, ni zawadi kwa wakili wa upande wa pili. Mpe sherifu maelekezo kwa maandishi kabla hajaenda, na umwambie aulize kuhusu mali inayohamishika na isiyohamishika. Na usiukalie mrejesho huo kwa muda mrefu. Hali ya mdaiwa hubadilika, na jaji atauliza.

Cha pili ni 8(g): mdaiwa kumwandikia mdai yeyote kwamba hawezi kulipa deni lake lolote. Barua ya kuomba kulipa kidogokidogo inaweza kutosha, ikiwa msomaji wa kawaida ataielewa kuwa mwandishi hana uwezo wa kulipa. Asiyetaka kulipa na asiyeweza kulipa ni watu wawili tofauti, na 8(g) inamhusu wa pili. Je, akiandika juu ya barua kwamba ni ya majadiliano na isitumike dhidi yake? Katika Absa Bank v Hammerle Group ya 2015, iliyohusu kampuni, Mahakama Kuu ya Rufani ilikubali barua ya aina hiyo itumike kama ushahidi kwamba mwandishi hawezi kulipa.

Jihadhari na mdaiwa aliyeomba mapitio ya madeni, yaani utaratibu wa Sheria ya Mikopo ya Taifa wa kupanga upya malipo ya mtu aliyezidiwa na madeni. Mwaka 2011, katika FirstRand Bank v Evans, mahakama ya KwaZulu-Natal iliamua kwamba kuiarifu benki juu ya mapitio hayo kulikuwa kitendo cha ufilisi. Baadaye Bunge likaingiza kifungu cha 8A: aliyeomba mapitio ya madeni asihesabiwe kwa sababu hiyo kuwa amefanya kitendo cha ufilisi. Bado anaweza kufilisiwa ukithibitisha kwamba madeni yake kweli yamezidi mali, ila hapo umerudi kwenye ile kazi ngumu.

Hatua ya nne: andaa maombi

Maombi yanapelekwa Mahakama Kuu, kwenye kanda ambako mdaiwa ana makazi ya kudumu au mali, au ambako aliishi au kufanya biashara wakati wowote ndani ya miezi 12 iliyotangulia. Hati ya kiapo itaje majina yake kamili, tarehe ya kuzaliwa, namba ya kitambulisho, kazi, makazi, hali ya ndoa na maelezo ya mwenzi wake. Kiasi cha deni, limetokana na nini, na kama una dhamana juu yake. Kisha kitendo cha ufilisi, kisha manufaa kwa wadai. Sehemu hii ya mwisho ndiyo ipewe kurasa nyingi zaidi, pamoja na ile hesabu ya hatua ya kwanza na nyaraka zake.

Unatakiwa pia kuweka dhamana kwa Masta wa Mahakama Kuu, ofisa wa serikali anayesimamia mirathi na ufilisi, kwa ajili ya gharama hadi mfilisi ateuliwe. Cheti anachokupa kisiwe na umri wa zaidi ya siku 10 kufikia tarehe ya maombi. Nakala ya maombi yenyewe nayo lazima ifike kwa Masta.

Halafu kuna watu wa kupewa nakala chini ya kifungu cha 9(4A): mdaiwa mwenyewe, mamlaka ya mapato (SARS), wafanyakazi wa mdaiwa, na chama chochote cha wafanyakazi kilichosajiliwa kinachowawakilisha. Mawakili wengi walidhani "wafanyakazi" ni wale wa biashara tu. Stratford iliwarekebisha: wafanyakazi wa nyumbani wamo. Anayepika na anayefagia kwa mdaiwa ana haki ya kujua kwamba mwajiri wake anafilisiwa. Aliyezipeleka nakala aape hati inayoeleza kila moja ilifikishwaje.

Hatua ya tano: mahakamani

Kuna amri mbili. Ya kwanza ni ya muda, ambapo unatakiwa kuonyesha mambo yale matatu kwa mtazamo wa awali tu. Ikitolewa, inataja siku ambayo mdaiwa atafika kueleza kwa nini isiwe ya mwisho. Akitaka siku hiyo isogezwe karibu, anaweza kuomba kwa kukupa taarifa ya saa 24. Siku hiyo ikifika, jaji lazima aridhike kwa mizani ya uwezekano, yaani kwamba mambo hayo yana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa kweli kuliko kutokuwa kweli, na hata akiridhika bado ana hiari ya kukataa.

Utetezi wa kawaida ni kwamba mali ya mdaiwa inazidi madeni, pesa tu ndiyo imekwama. Tangu 1907, Jaji Mkuu Innes wa Transvaal aliutazama utetezi huu kwa shaka kubwa. Kwake uthibitisho bora kwamba mtu ana uwezo ni kulipa madeni yake. Majaji wa leo bado wanamnukuu.

Ukiwa wewe ndiye mdaiwa, hoja zako zenye nguvu ni mbili: kubisha deni kwa sababu za kweli, au kuonyesha kwamba baada ya gharama wadai hawatabakiwa na kitu. Na ikiwa maombi yaliletwa kwa chuki au kwa kukusumbua tu, kifungu cha 15 kinakuruhusu kudai hasara papohapo.

Maombi ya kirafiki, yaani jamaa au rafiki anapomfilisi mdaiwa kwa makubaliano ili apate ahueni, yanakaguliwa kwa jicho kali. Kesi ya Craggs v Dedekind ya 1996 inasomwa sana kwa sababu hiyo. Jaji atataka ushahidi kwamba mkopo ulikuwepo kweli, na kwa nini mkopeshaji mpole hivyo ameamua ghafla kuwa mkali.

Na mdaiwa akikulipa katikati ya mchakato? Pokea kwa tahadhari. Mdai mwingine akimfilisi ndani ya miezi 6, na ikaonekana kwamba mara baada ya kukulipa madeni yake yalizidi mali, mfilisi anaweza kukudai urudishe chini ya kifungu cha 29, isipokuwa uthibitishe kwamba malipo yalikuwa katika mwenendo wa kawaida wa biashara na hayakukusudiwa kukupendelea. Pesa iliyotoka kwa kutishiwa ufilisi ni vigumu kuiita ya kawaida.

Hatua ya sita: baada ya amri

Tangu amri ya muda, mali inamtoka mdaiwa na kuwa chini ya Masta, halafu mfilisi. Kesi za madai dhidi ya mdaiwa zinasimama. Mdaiwa ana siku 7 tangu apokee amri ya mwisho kuwasilisha maelezo ya mali na madeni yake. Mali ya mwenzi aliyefunga ndoa ya mali tofauti nayo inaingia kwa mfilisi hadi mwenzi huyo athibitishe kwamba ni yake kweli. Wengi waliona huu ni uonevu, lakini Mahakama ya Katiba iliubakiza utaratibu huo katika Harksen v Lane ya 1997.

Wewe sasa thibitisha dai lako. Hati ya kiapo na nyaraka zimfikie ofisa anayesimamia mkutano angalau saa 24 kabla ya mkutano wa wadai. Katika mkutano wa kwanza wadai humchagua mfilisi, kwa wingi wa watu na wa thamani ya madai. Usipohudhuria, wenye deni kubwa watachagua bila wewe. Miezi 3 ikishapita tangu mkutano wa pili kumalizika, dai jipya halipokelewi bila ruhusa ya Masta au mahakama.

Mgawo hufuata foleni. Wenye dhamana wanalipwa kutoka mali waliyoishikilia. Kwenye salio huru, gharama za ufilisi hutangulia, zikiwemo gharama zako za maombi baada ya kukaguliwa. Hufuata mishahara ya wafanyakazi, isiyozidi miezi 3 na R12,000 kwa kila mmoja, halafu kodi, na mwisho kabisa wadai wa kawaida. Kabla ya kulipwa, akaunti ya mfilisi huwekwa wazi ikaguliwe, na mdai anaweza kuipinga kwa Masta. Isome mstari kwa mstari, hasa ukurasa wa gharama, maana Masta akishaithibitisha ni shida kubwa kuifungua tena.